Uzamivu wa matetemeko ya ardhi: kijana wa Malindi aende?

Kila mwaka vyuo vya Ulaya na Marekani hutangaza nafasi za uzamivu (PhD) zenye ufadhili kamili katika sayansi ya matetemeko ya ardhi na jiosayansi ya kompyuta, yaani kuichunguza dunia na bahari kwa hesabu za kompyuta. Hapa Malindi, kijana aliyesoma fizikia au hesabu akisema anataka kuomba, nyumbani huulizwa kwanza: tetemeko gani, na wapi? Wazazi wana haki kuuliza. Tetemeko kubwa la Kenya tunalosimuliwa, la Subukia mwaka 1928, lilipiga Bonde la Ufa, mbali nasi.

Ila hatari yetu sisi hutoka baharini. Tarehe 26 Desemba 2004, kabla tu ya saa kumi alfajiri kwa saa zetu, sakafu ya bahari ilipasuka karibu na Sumatra. Mawimbi yakafika kwetu mchana. Kenya alikufa mtu mmoja, Somalia karibu watu 300. Huko Pangani, Tanzania, watafiti wamefukua mifupa ya watu waliofunikwa na tsunami ya kama miaka 1,000 iliyopita, na hesabu za kompyuta zikaelekeza chanzo chake upande huohuo wa Sumatra. Anayesema mambo haya hayatuhusu, simkubalii.

Kuhusu fedha, wengi hudhani ni basari tu. Ujerumani, Uholanzi na Norwei, mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi huajiriwa: mkataba wa miaka mitatu au minne, mshahara na bima. Marekani hulipiwa karo na kupewa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti, na masomo huweza kupita miaka mitano. Kinachowakwamisha wengi ni kile cha mwanzo: ada ya mtihani wa Kiingereza, viza, nauli ya kwenda ubalozini Nairobi. Mtoto wa mvuvi huishia hapo kabla hajaandika barua ya maombi.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni hili: mada huwa ya mwenye fedha. Kijana anaweza kumaliza miaka minne akichambua mipasuko ya California, kisha arudi Pwani asikute hata ofisi inayomhitaji. Malindi tumeyaona. Pale Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya kwanza mahususi ya kuchunguza miale ya eksirei angani. Ikaitwa Uhuru, jina letu kabisa, lakini utafiti wake ulikuwa wa Wamarekani.

Hata hivyo ningemwambia aende, na achague upande wa kompyuta. Programu nyingi za kukokotoa mitetemo na mawimbi ni huria, yaani yeyote anaweza kuzitumia bila kulipia, kwa hiyo ujuzi wake hurudi naye. Kinachokosekana ni vipimo vya hapa. Ramani ya sakafu ya bahari inayotumiwa sana duniani, ya mradi wa kimataifa wa GEBCO, huigawa bahari kwa miraba ya kama mita 450. Mkondo wa kati ya Lamu na Manda huingia katika miraba michache tu. Milango ya miamba ya Watamu haionekani, wala mafungu ya mchanga na tope ambayo mto Sabaki huyasogeza kila mvua. Na hivyo ndivyo vinavyoamua wimbi lipande wapi na lifie wapi. Nahodha anayeingiza jahazi Shela usiku anakijua kina cha maji kuliko ramani hiyo. Tena Lamu kuna kipimo cha maji kilichoyanasa mawimbi ya 2004, kwa hiyo atakayekokotoa ana mahali pa kupimia hesabu zake.

Kwenye mahojiano amuulize msimamizi waziwazi: sura moja ya tasnifu inaweza kuihusu Bahari ya Hindi magharibi? Je, msimamizi wa pili anaweza kutoka Chuo Kikuu cha Pwani au Nairobi? Akikataliwa yote, uamuzi unakuwa mgumu kweli, maana mwanafunzi mpya hana nguvu ya kubishana. Mimi ningeichukua nafasi hiyo bado, mradi programu atakazofundishwa ni huria.

Kaunti za Kilifi na Lamu, ambazo zimekuwa zikitoa basari za karo, zingetenga fungu dogo la ada ya mtihani na viza. Nafasi nyingi za Marekani na Uingereza hufunga maombi Desemba na Januari, kwa hiyo fedha hizo zinatakiwa zitoke kabla ya Oktoba.