Kilima cha Jumamosi ya mwisho

Kila Februari kikundi chetu cha jogingi hapa Dar es Salaam huingia kwenye mabishano yale yale. Mbio za Kilimanjaro zinabaki siku nane, na ratiba ya Jumamosi imeandikwa kilima: mwinuko wa lami kule Goba, saa 12 kasoro robo asubuhi, raundi 10 za kasi. Wapo wanaosema tusipopanda sasa, mwinuko wa Mweka kule Moshi, mbio zinakofanyikia, utatuumbua. Wengine wanasema miguu ya kwenda nayo Moshi ni hii hii, tusiimalizie Goba. Nimewahi kuwa pande zote mbili, kwa miaka tofauti.

Wanaotaka kilima wana hoja nzito. Nusu marathoni ya Moshi hupanda kuelekea Mweka karibu kilomita 10, kabla ya kugeuka na kurudi mjini. Mtu aliyezoea barabara tambarare za pwani akifika pale anakuta mapigo ya moyo yamepanda na hatua zimefupika, na hana la kufanya. Zaidi ya hapo, kukimbia kilima kwa nguvu zote, sekunde 8 hadi 12 tu, kunaamsha nyuzi za misuli ambazo mwendo wetu wa kawaida hauzigusi. Kishindo nacho ni kidogo kuliko kasi ya tambarare, kwa sababu ardhi inaupokea mguu mapema, na msuli wa nyuma ya paja hauvutwi sana. Kwa mtu wa miaka 40 na kitu, ambaye mara ya mwisho kukimbia kasi ilikuwa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, sijaona mahali salama zaidi pa kuirudia.

Usalama huo una bei yake. Ukipanda unakanyagia vidole, kwa hiyo shavu la mguu na kano ya kisigino ndivyo vinavyobeba mzigo. Halafu kuna kalenda. Zoezi kali halikujengi siku ile ile. Mwili hujijenga baadaye, ukiwa umelala na umekula, na huhitaji kama siku 10 hadi 14. Raundi 10 za siku ya nane kabla ya mbio zinakuachia uchovu mwingi na faida ndogo. Kocha Arthur Lydiard wa New Zealand, ambaye wanafunzi wake Peter Snell na Murray Halberg walitwaa dhahabu za mita 800 na 5,000 kule Roma mwaka 1960, aliamini vilima kwa dhati. Lakini vilima vyake vilikuja baada ya msingi wa mbio ndefu na kabla ya mazoezi ya kasi ya uwanjani, wiki nyingi kabla ya shindano. Wanaomtaja kutetea Jumamosi yetu ya mwisho wamechukua kilima chake wakaiacha ratiba yake.

Kuna jambo linalonigusa zaidi, na hatulijadili. Mwaka jana tulipanda kutoka nguzo ya kwanza ya umeme hadi ya tatu. Vijana wanafika juu, wanashika viuno, wanapumua, wanapiga hadithi. Mwenzetu mmoja, mama wa watoto wawili aliyeanza kukimbia mwaka huo huo, anafika wa mwisho huku tunampigia makofi: kaza, komaa! Akigusa nguzo tu, kocha anapuliza filimbi ya kuteremka na raundi inaanza upya. Aliyehitaji pumziko kuliko wote ndiye aliyelipata dogo kuliko wote. Raundi ya 7 alisimama ghafla ameshika shavu la mguu. Siku ya mbio alikuwa pembeni ya barabara, akitugawia maji.

Sisi tuliompigia makofi tulimuumiza, na tulimuumiza kwa upendo. Kikundi kinakuamsha alfajiri ambayo peke yako ungeilalia, na dada zetu wanakimbia gizani bila hofu kwa sababu tuko wengi. Nguvu hiyo hiyo inamzuia mtu kusema leo inatosha.

Kwa hiyo msimamo wangu: kilima kibaki, umbali ufutwe. Filimbi ipulizwe kwa sekunde. Zikitimia 10, kila mtu asimame alipofika, ageuke, ateremke kwa kutembea. Aliye mbele ana safari ndefu ya kurudi, aliye nyuma ana fupi, na wote wanapata dakika 2 kamili. Kazi kubwa ya kilima iishe wiki 3 kabla ya mbio, na siku ya kazi hiyo kubwa tuteremke pia kwa mbio za taratibu, maana Mweka ina kurudi. Kuteremka ndiko kunakopasua mapaja, yakawa mazito siku ya pili yake, na paja lililokwisha kuonjeshwa mteremko huumia kidogo likirudia ndani ya wiki chache. Jumamosi ya mwisho zitoshe raundi 4 za sekunde 10, za kuamsha miguu tu, kisha chai na chapati.

Kocha amekubali kujaribu. Yule mama amerudi tangu Novemba, anakimbia vizuri, na nimeomba filimbi ya Goba mwaka huu akabidhiwe yeye.