Apechō: neno la stakabadhi katika Mathayo 6

"Wamekwisha kupata thawabu yao," Yesu anasema juu ya wanafiki watoao sadaka ili wasifiwe na watu. Wahubiri wengi huupita mstari huu (Mathayo 6:2) mbio mbio, wawahi Baba Yetu. Kitenzi cha Kigiriki hapo ni apechō, na kinastahili kutazamwa kwa utulivu.

Katika Misri ya enzi za Warumi, aliyepokea kodi au pango alimwandikia mlipaji stakabadhi, mara nyingi juu ya kigae cha chungu kilichovunjika: apechō para sou, nimepokea kutoka kwako. Yaani hatudaiani. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanazuoni Mjerumani Adolf Deissmann aliwaonyesha wasomaji wa Agano Jipya uzito wa vigae hivyo.

Sasa angalia vitenzi vinavyopangwa. Mstari wa 1 una echō (kuwa na) tupu: kwa Baba hamna kitu. Wa 2 una apechousin, wakati uliopo: wameshapokea chote. Wa 4 una apodōsei, "atakujazi", wakati ujao. Mnafiki ametia sahihi stakabadhi, atoaye kwa siri bado anadai.

"Wamekwisha" ya tafsiri ya Union (Biblia ya Kiswahili ya Union Version) iko sawa. Ninayoilaumu ni "thawabu". Masikioni mwetu thawabu hutoka kwa Mungu, basi msomaji hudhani Mungu ndiye aliyewalipa wanafiki. Kigiriki kinasema misthos, ujira, na Union hiyohiyo imeandika "ujira" kwa vibarua wa Mathayo 20:8. Hapa mlipaji ni watazamaji. Anayetoa ili jina lake lisikike kwenye kipaza sauti siku ya harambee amelipwa taslimu, papo hapo.

Wapo wanaovunja neno vipande viwili, apo "kutoka" na echō "kuwa na", wakapata "wametengwa na thawabu". Hapana. Kweli kitenzi hiki huweza kusema umbali, kama baba alipomwona mwanawe "angali mbali" (Luka 15:20), na umbo lake apechomai ni kujiepusha (1 Wathesalonike 4:3). Lakini kikibeba yambwa, yaani kitu kinachopokelewa, ni kupokea kikamilifu.

Wafilipi 4:18 ndiko nilikotamani watafsiri wathubutu zaidi. Apechō panta wameiandika "nina vitu vyote". Paulo ameletewa msaada na Epafrodito, naye anawakatia Wafilipi risiti: nimepokea vyote. Mstari mmoja tu juu yake, Union yenyewe inasema "katika hesabu yenu".