Kubaki ndani ya gari peke yake hakutoshi
Makala inasema kwamba msafiri anayekwama barabarani wakati wa dhoruba ya theluji hapaswi kuliacha gari lake, na kwa kuwa niliishi Minnesota, Marekani, miaka minne kabla ya kurejea hapa Nairobi, nakubaliana na ushauri huo, ila naona umeachwa nusu. Theluji inayoendelea kuanguka huziba bomba la kutolea moshi, na injini iliyoachwa ikinguruma ili kuleta joto hurudisha ndani kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humuua mtu akidhani amelemewa na usingizi tu. Ni lazima kwanza utoke uondoe theluji nyuma ya gari, kisha uwashe injini kwa takriban dakika 10 katika kila saa, huku dirisha la upande usiopigwa na upepo likiwa wazi kidogo. Januari 2022, magari mengi yalikwama kwenye barabara kuu ya I-95 huko Virginia, mengine kwa zaidi ya saa 24, kwa hiyo blanketi, maji, chakula na tangi lililojaa mafuta si mambo ya ziada. Sisi tuliozoea baridi ya Limuru ya mwezi wa Julai, nayo si haba, hudhani koti zito linatosha. Mdogo wangu anasafiri kwenda Marekani mwezi huu, na kinachonitia hofu zaidi ni ile barafu nyembamba isiyoonekana juu ya lami. Wenzangu mlioendesha magari huko, mlijifunzaje kuitambua mapema?