Jiwe la Sirwah: Ushahidi wa Historia au Majigambo ya Mtawala?

Katika hekalu la mungu Almaqah huko Sirwah, magharibi ya Marib nchini Yemen, mtawala wa ufalme wa kale wa Saba aitwaye Karib'il Watar alisimamisha, mwanzoni mwa karne ya 7 KK, ukuta wa mawe wenye urefu wa takriban mita 7 kwa mlalo, ulioandikwa pande zote mbili, ambao hapa nauita Jiwe la Sirwah. Mstari mmoja husomwa kutoka kulia kwenda kushoto na unaofuata hurudi kutoka kushoto kwenda kulia, kama ng'ombe wa kulima afikapo mwisho wa shamba. Upande mmoja unasimulia vita. Wa pili unataja miji aliyoizungushia kuta, mashamba na miradi ya maji.

Wenye shaka wana hoja nzito. Maandishi yanadai kwamba katika vita dhidi ya ufalme wa Awsan waliuawa watu 16,000 na kutekwa 40,000, tarakimu zilizokaa vizuri mno kuwa hesabu ya kweli. Isitoshe, huyu ni mtawala anayejieleza mbele ya mungu wake, na hakuna aliyetarajia kwamba angechonga humo habari za kushindwa kwake.

Hata hivyo, kulitupilia mbali jiwe zima ni haraka isiyo na msingi. Sennakeribu, mfalme wa Ashuru, naye anamtaja Karibilu wa Saba, anayedhaniwa kuwa ndiye Karib'il, aliyemletea zawadi za vito na manukato, jambo linalowekwa karibu na mwaka 685 KK. Zaidi ya hapo, mwaka 2005 wachimbaji wa Taasisi ya Akiolojia ya Ujerumani walifukua katika hekalu hilohilo maandishi ya mtangulizi wake, Yatha'amar Watar, ambamo mji wa Nashshan ni rafiki aliyesaidiwa dhidi ya jirani yake Kaminahu. Kwenye jiwe la Karib'il, Nashshan ni adui aliyezingirwa mpaka akasalimu amri. Saba haikuona haja ya kuufuta urafiki wa zamani, na kwangu uwazi huo una uzito kuliko tarakimu zozote.

Ndiyo maana naona orodha za miji na ardhi zinaaminika zaidi kuliko idadi ya maiti: mpaka wa shamba ni dai ambalo majirani wangeweza kulipinga. Lakini kuna sehemu moja inayopaswa kumsumbua kila mtetezi wa jiwe hili. Karib'il mwenyewe anaeleza kwamba aliamuru maandishi yang'olewe katika kasri la mfalme wa Awsan na katika mahekalu ya miungu yake. Kwa hiyo, kuhusu vita vile tunamsikia mshindi peke yake kwa sababu mshindi alihakikisha iwe hivyo, na madai yake hayatapimwa kwa maandishi mengine ya Sirwah, bali kwa majembe ya wachimbaji katika bonde la Wadi Markha, ambako inadhaniwa ndiko ulikokuwa mji mkuu wa Awsan.