CD haziozi kama mnavyosema, nyingi tunaziua wenyewe

Juzi kijiweni jamaa mmoja kaleta mada, eti CD za muziki umri wake miaka kumi basi, baada ya hapo zinajifuta zenyewe, kwa hiyo aliyetunza CD katunza takataka. Wengi wakamuunga mkono na kila mtu alikuwa na ushahidi wake, huyu CD ya harusi ya dada yake haisomi, yule ya kwaya inakwama wimbo wa tatu, mwingine anasema zake zote kwenye gari zimekufa. Nikawasikiliza weee, mwisho nikauliza swali moja tu, hizo zilitoka kiwandani au mliburn, yaani mlirekodi wenyewe kwenye kompyuta? Kimya. Zote za kuburn.

Hapo ndipo CD inapoonewa, maana tunaziita zote jina moja wakati ni vitu viwili tofauti. Ile ya kiwandani muziki wake ni vishimo vidogo mno vilivyogandamizwa kwenye plastiki yenyewe, juu yake ikapakwa alumini ya kung'aa, halafu vanishi, halafu picha. Ile ya kuburn haina vishimo, ina tabaka la rangi ambalo leza inaliunguza, ndio maana ukiigeuza chini unaona kama ukijani au ubluu fulani hivi. Rangi hiyo ni adui wa jua na joto. Sasa wewe umeiacha kwenye dashibodi miaka sita halafu unalaumu teknolojia!

CD zilianza kuuzwa Japani Oktoba 1982, kwa hiyo za mwanzo kabisa zimevuka miaka 40 na nyingi bado zinapiga. Mimi mwenyewe ninayo ya mwaka 1994 ambayo mjomba alirudi nayo kutoka Muscat, imekaa Dar kwenye joto hili hili na chumvi hii hii ya baharini, inapiga mwanzo hadi mwisho bila kuruka.

Haya, tuwe wakweli, za kiwandani nazo zimewahi kuharibika zenyewe. Kuna kiwanda cha PDO kule Blackburn, Uingereza, CD zake za kati ya 1988 na 1993 nyingi ziligeuka kahawia kuanzia ukingoni, kumbe vanishi ilikuwa haihimili salfa iliyomo kwenye karatasi za kava, ikabidi kiwanda kikubali kuwabadilishia watu. Na mwaka 2001 wanasayansi wa Hispania walieleza habari ya CD kutoka Belize iliyoliwa na kuvu, kuvu kabisa, ameingilia ukingoni akala plastiki na alumini. Belize hali ya hewa ni kama Tanga au Mombasa tu, kwa hiyo hilo la unyevu silipuuzi hata kidogo. Lakini ona, moja ni kosa la kiwanda kimoja, jingine ni kisa cha nadra hadi kikaandikwa kwenye jarida la sayansi.

Kinachonikera zaidi ni hiki cha kulinda upande usio wenyewe. CD nzima ina unene wa milimita 1.2 na karibu yote ni ile plastiki ya chini, leza inapita humo kwenda kusoma muziki ulioko juu kabisa, chini tu ya picha. Yaani mkwaruzo wa chini una plastiki nzima ya kupita kabla haujafika kwenye muziki, ndio maana hata ukisugua na dawa ya meno wakati mwingine inarudi. Upande wa picha kinga yake ni vanishi yenye unene wa sehemu chache tu za elfu moja za milimita, basi. Na sisi tunafanyaje? Tunailaza CD mezani picha ikiwa chini, juu ya mchanga na makombo, eti tusikwaruze kule kunakong'aa! Ukikwangua alumini umekwangua muziki, hakuna fundi wa kukurudishia. Tena tunaandika juu yake kwa kalamu ya bolpeni, tunakandamiza kabisa. Chukua CD yako yoyote ya zamani uinue kwenye taa, ukiona vidoa vya mwanga vinapenya kama nyota ujue hapo alumini imetoboka.

Wanaosema CD haiaminiki wana hoja moja nzito, naikubali. Kaseti inakuaga, sauti inafifia, unajua mgonjwa huyu. CD haiagi. Mashine ina hesabu zake za kufidia data iliyopotea, inaweza kuvuka sehemu mbovu ya kama milimita 2.5 bila wewe kusikia chochote, kwa hiyo diski inakufa kimya kimya miaka mingi halafu siku moja inagoma ghafla. (Japo mara nyingine anayekufa ni mashine, lenzi imejaa vumbi au leza imechoka, na diski haina kosa.)

Halafu kuna zile namba. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa mwaka 2003, unasema watengenezaji waliopima walikadiria CD za kuburn kudumu miaka 100 hadi 200, na za kiwandani makadirio yalikuwa miaka 20 hadi 100. Unaona kama inanipinga? Soma na masharti, hiyo ni diski nzuri, imetunzwa kwenye baridi na ukavu, unyevu usizidi asilimia 50. Nani kwetu ana kabati hilo? Zetu zilikuwa za kununua hamsini kwa mkupuo, hazina hata jina la kampuni.

Ile ya harusi ya dada yake jamaa aliniletea jioni ile ile. Imebandikwa stika ya duara yenye picha ya maharusi, na kabla ya kuja kaanza kuibandua ukingoni eti isafishike, stika ikatoka na tabaka lake la kung'aa, pakabaki plastiki tupu unaona vidole upande wa pili. Bahati CD inasomwa kutoka katikati kwenda nje. Tukaiweka kwenye kompyuta ya zamani yenye draivu, spidi ya chini kabisa, nyimbo tano za taarabu tumezipata safi. Nasaha za babu yao ndio zilikuwa mwishoni, zimeondoka na stika.