Waliulizwa kama wanatoka, hawakuulizwa wanakwenda wapi

Swali lililochapishwa kwenye karatasi ya kura ya Juni 23, 2016 lilikuwa fupi sana: je, Uingereza ibaki mwanachama wa Umoja wa Ulaya, au ijitoe? Visanduku viwili, alama moja. Waliotaka kujitoa wakapata kura 17,410,742 na waliotaka kubaki wakapata 16,141,241. Kulipopambazuka, David Cameron, Waziri Mkuu aliyeitisha kura hiyo na kuongoza kambi ya kubaki, alisimama mbele ya mlango wa ofisi yake akatangaza kwamba anang'atuka.

Ikafuata miaka mitatu na nusu ya mvutano kabla nchi haijatoka kweli, Januari 31, 2020. Mpaka leo nikikutana na mtu anayeieleza miaka ile kwa sentensi moja, kwamba "walioshindwa walikataa kukubali kushindwa", siwezi kunyamaza. Mwanzoni hata mimi nilidhani hivyo. Nilibadilika nilipoanza kuuliza jambo dogo: wale milioni 17 walikubaliana juu ya nini hasa?

Nianze kwa kusema wazi kwamba haki ya kutoka ilikuwepo. Kifungu cha 50 cha Mkataba wa Lisbon kinasema nchi mwanachama inaweza kujitoa, na kinaipa miaka miwili ya kujadiliana. Na waliotaka kutoka walikuwa na sababu zao. Mji wa Boston, Lincolnshire, ulipiga kura ya kujitoa kwa zaidi ya asilimia 75. Umoja wa Ulaya ulipopanuka mwaka 2004, Uingereza ilikuwa miongoni mwa nchi tatu tu zilizofungua milango ya ajira papo hapo, na mashamba ya mboga ya eneo lile yakajaa wafanyakazi kutoka Poland na Lithuania. Shule na zahanati za mji mdogo zililemewa, na mwenyeji aliyelalamika aliambiwa ni mbaguzi. Wengine walichoshwa na sheria zinazopitishwa Brussels, makao ya Umoja huo, na watu wasioweza kuwaondoa kwa kura. Hayo ni malalamiko halali ya raia, na aliyeyadharau ana sehemu yake katika matokeo.

Shida ni kwamba nyumba ile ilikuwa na milango mingi ya kutokea. Norway haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini imo katika soko la pamoja: inachangia fedha na inawaruhusu raia wa Ulaya kuingia kufanya kazi. Uturuki ina umoja wa forodha na Ulaya, yaani hazitozani ushuru na zinatoza nchi za nje ushuru mmoja, kwa bidhaa za viwandani, basi. Canada ina mkataba wa biashara tu. Na upo mlango wa nne: kutoka bila makubaliano yoyote na kutozwa ushuru kama nchi ya mbali. Hayo ni maisha manne tofauti kwa mvuvi, kwa mwenye kiwanda, kwa muuguzi aliyetoka Hispania. Kila mpiga kura alikuwa na mlango wake kichwani, na wote wakatia alama kwenye kisanduku kilekile.

Kampeni haikusaidia. Kambi ya kujitoa ilizungusha basi jekundu lililodai kwamba nchi inapeleka Ulaya pauni milioni 350 kila wiki. Kiasi hicho hakikuondoa punguzo ambalo Uingereza ilikuwa ikipewa, na mamlaka ya takwimu ya nchi hiyo ilikilalamikia. Kambi ya kubaki nayo, kupitia Waziri wa Fedha George Osborne, ilitishia bajeti ya dharura yenye kodi za juu iwapo watu wangechagua kutoka. Bajeti hiyo haikuja. Wiki moja kabla ya kura, mbunge Jo Cox, aliyekuwa akitetea kubaki, aliuawa mtaani katika jimbo lake. Alikuwa mama wa watoto wawili. Nikisoma magazeti ya majuma yaliyofuata naona jinsi kifo kile kilivyosahaulika upesi, na inaniuma.

Kuna jambo moja kuhusu kura ile ambalo naona halizungumzwi vya kutosha kwetu. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola waliokuwa wakiishi Uingereza waliruhusiwa kupiga kura. Mkenya, Mtanzania au Mganda aliyekuwa akiishi Leeds kihalali alikuwa na sauti. Mtaliano aliyeishi mtaa huohuo miaka 30, akalipa kodi na kulea watoto pale, hakuwa nayo, ingawa ni maisha yake yaliyokuwa mezani. Vijana wa miaka 16 na 17 waliachwa nje pia, ilhali Scotland iliwaruhusu katika kura yake ya uhuru mwaka 2014.

Hiyo kura ya Scotland ndiyo inayonifanya niwalaumu viongozi kuliko wananchi. Wale waliotaka kujitenga na Uingereza walitoa kitabu cha serikali ya Scotland chenye kurasa zaidi ya 600, karibu mwaka mzima kabla ya siku ya kura: sarafu itakuwa ipi, mpaka utakuwaje, jeshi, pensheni. Majibu mengine yalikuwa dhaifu na yalishambuliwa vikali, na hilo ndilo lilikuwa lengo, kwamba udhaifu ushambuliwe kabla ya kura. Mwaka 2016 hakukuwa na kitabu. Serikali haikutaka kutoka, kwa hiyo haikuandika mpango wa kutoka, na watumishi wake wakazuiwa kujiandaa. Kamati ya Bunge ya mambo ya nje baadaye ilikuita huko kutojiandaa kuwa ni uzembe mkubwa. Naafiki kabisa. Huwezi kuwapa watu ufunguo wa gari na kuficha ramani kwa sababu hutaki waende.

Basi mjadala ambao ungefanyika kabla ukafanyika baada. Ndivyo ninavyoielewa miaka ile. Theresa May, Waziri Mkuu aliyemrithi Cameron, alipeleka mkataba wake wa kujitoa bungeni Januari 15, 2019 ukakataliwa kwa kura 432 dhidi ya 202. Akarudi Machi 12, akashindwa kwa kura 149. Akarudi Machi 29, siku ile ile nchi ilipotakiwa iwe imetoka, akashindwa kwa 58. Waliompinga hawakuwa kundi moja: wapo waliouona mkataba unawafunga mno na Ulaya, na wapo waliouona unawatenga mno.

Kati ya hayo, Machi 27, wabunge waliamua kutafuta wenyewe njia. Waliwekewa mapendekezo 8: umoja wa forodha, soko la pamoja, kurudi kwa wananchi kwa kura nyingine, kutoka bila mkataba, na mengineyo. Wakapiga kura juu ya kila moja. Yote 8 yakakataliwa. Siku chache baadaye, Aprili 1, umoja wa forodha ulishindwa kwa kura 3 tu. Nilifuatilia usiku ule na nakumbuka nilivyonyong'onyea. Watu waliwacheka wabunge kana kwamba ni watoto. Mimi niliona Bunge likiakisi nchi kwa uaminifu: nchi yenye wengi wanaotaka kutoka, isiyo na wengi wanaotaka mlango wowote mmoja.

Ireland Kaskazini ndiko uzembe huu ulikofika kwenye uhai wa watu. Zaidi ya watu 3,500 waliuawa katika miaka 30 ya machafuko kati ya waliotaka kubaki Uingereza na waliotaka kuungana na Ireland, kabla ya Makubaliano ya Ijumaa Kuu ya Aprili 10, 1998. Baada ya amani, vizuizi vya kijeshi viliondolewa kwenye mpaka wa kilomita karibu 500 kati ya jimbo hilo la Uingereza na Jamhuri ya Ireland, mwanachama wa Umoja wa Ulaya, na kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa ndani ya soko moja, hakukuwa na sababu ya kukagua mzigo. Mkulima alivuka na maziwa yake asubuhi bila kujua amevuka. Uingereza ikitoka kwenye soko na forodha, ukaguzi lazima ufanyike mahali fulani. Ukiuweka kwenye mpaka wa nchi kavu, unarudisha vizuizi vilivyokuwa vikishambuliwa. Ukiuweka baharini, unaikata Ireland Kaskazini na nchi yake, na wale wanaojihesabu Waingereza wanaona wamesalitiwa.

Boris Johnson, aliyemrithi May, alichagua bahari. Februari 2022 DUP, chama cha wanaotaka jimbo libaki Uingereza, kikatoka katika serikali ya pamoja ya Belfast kwa hasira, na jimbo likakaa miaka miwili bila serikali yake, wagonjwa wakisubiri hospitalini bila waziri wa kuamua bajeti. Makubaliano mapya na Ulaya ya Februari 2023, yaitwayo ya Windsor, yalipunguza makali kwa kutenganisha mizigo: njia ya kijani kwa bidhaa zinazobaki jimboni, njia nyekundu kwa zinazoendelea kuingia Ulaya. Watu wa Ireland Kaskazini walichagua kubaki kwa asilimia karibu 56. Jambo lililowahusu kuliko wote liliguswa kidogo mno katika kampeni za England, na hilo siwezi kulisamehe.

Sitawaacha waliotaka kubaki bila neno. Majaji wa Mahakama Kuu waliposema Bunge lazima liidhinishe kuanza kwa mchakato wa kujitoa, gazeti moja kubwa liliwaita maadui wa wananchi, na hiyo ilikuwa aibu. Lakini ilikuwa aibu pia, kwa maoni yangu, chama cha Liberal Democrats kilipoahidi mwaka 2019 kwamba kikishinda kitafuta mchakato mzima bila kuwarudia wananchi. Hiyo ilikuwa ni kuwaambia watu milioni 17 kwamba sauti yao haihesabiki. Haki, nionavyo mimi, ilikuwa katikati: uamuzi wa kutoka uheshimiwe, kisha mlango uliopatikana mezani urudishwe kwa wananchi wauone na kuukubali au kuukataa. Walioomba hivyo waliitwa wasaliti. Hata hivyo ndiyo desturi ya makubaliano yote mazito: posa ni jambo moja, ndoa ni jambo lingine, na hakuna anayefungishwa ndoa kwa sababu posa ilipokelewa.

Mei 19, 2025 serikali ya Keir Starmer ilifikia maelewano mapya na Umoja wa Ulaya jijini London. Meli za Ulaya zitaendelea kuvua katika maji ya Uingereza hadi mwaka 2038, na pande mbili zilikubaliana kujadiliana kuhusu kulegeza ukaguzi wa vyakula, Uingereza ikifuata kanuni za Ulaya. Wavuvi waliokuwa wameahidiwa bahari yao yote walilalamika siku hiyohiyo, na wauza vyakula walishangilia. Miaka 9 baada ya kura walikuwa bado wanabishana juu ya mlango, na safari hii pia hakuna aliyeletewa karatasi ya kura yenye swali hilo.