Mwenye Cheo Kidogo Anyamaze Hadi Lini?

Wiki iliyopita, kwenye kikao cha kazi, mtunza stoo alinyoosha mkono. Mkuu wa kitengo akamwambia, "Wewe subiri kwanza, hapa tunaongea mambo ya kitaalamu." Akaushusha. Mzigo ambao wataalamu walikuwa wanaupangia safari haukuwepo stoo, na aliyelijua hilo ni yeye peke yake.

Hasira haijaniisha. Ofisi hiyohiyo kila mwaka inatenga fungu la kwenda ufukweni na fulana za rangi moja, eti kujenga timu. Jamani, timu inajengwa pale mdogo anapokuwa na zamu yake ya kusema, zamu iliyoandikwa kwenye utaratibu, asiyohitaji kuiombea ruhusa.

Tazameni chumba cha upasuaji. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi yenye vipengele 19, iliyojaribiwa katika hospitali 8 za nchi 8. Mojawapo ni ya hapa kwetu, Ifakara. Kabla kisu hakijagusa ngozi, wote waliomo wanajitambulisha kwa jina na kazi. Daktari, mtaalamu wa usingizi na muuguzi wanathibitisha kwa sauti mgonjwa ni nani na anapasuliwa wapi, kisha kila upande unataja unachokihofia. Kabla mgonjwa hajatolewa, muuguzi ndiye anayetamka kwamba hesabu ya vifaa na sindano imetimia. Katika hospitali zile vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka 11 hadi 7. Hao ni watu waliorudi nyumbani kwao!

Haya, karatasi peke yake haiponyi. Huko Ontario, Canada, hospitali 101 ziliitumia orodha hiyo, na utafiti wa 2014 haukuona vifo vikipungua kwa kiwango cha maana. Sishangai. Vema zote zinaweza kuwekwa na mtu mmoja pembeni, wengine midomo imefungwa.

Na mkubwa lazima awepo. Damu ikiruka, atoe amri afuatwe.

Lakini kwenye vikao vyetu damu hairuki. Wakuu, wapeni dereva, karani na mhudumu nafasi ya kusema kabla yenu, maana mkishatangaza msimamo wenu, nani mwenye mkataba wa miezi mitatu atathubutu kuwapinga?